Kabla ya Sindano na Baada Yake

Muumini akiuliza kama dini yake inamruhusu kuchora tatuu, hujibiwa neno moja, mara nyingi na mtu asiyemtazama usoni: haramu, au dhambi. Neno hilo hujibu maswali mawili kwa mpigo, na maswali hayo si mamoja. Kuna swali la mtu ambaye ngozi yake bado haijaguswa, anayetaka kujua kama aende kwa mchoraji. Na kuna swali la aliyekwisha kwenda, ambaye leo anataka kuswali, kupokea Komunyo, kufunga ndoa, na siku yake ikifika azikwe na wenzake. Kwa swali la kwanza dini zetu zinatofautiana, na tofauti hiyo ni ya kweli, sitaki kuilainisha. Kwa swali la pili zinakaribiana kuliko waumini wengi wanavyojua, na kwa kutojua huko watu wanafukuzwa mahali ambapo hakuna andiko lililowafukuza.

Mjadala huu nimeuweka Masasi, kusini mwa Tanzania. Huko ndiko wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikowapeleka, mwaka 1876, watu waliokombolewa utumwani wakitokea Zanzibar. Ndiko Uislamu uliokuja kutoka pwani ulikotia mizizi. Na ndiko unakoweza bado kumkuta bibi mwenye nembo usoni akitoka kanisani. Wanaosema ni watano. Nimewatunga mimi, lakini hoja wanazozibeba zina wenyewe. Ustadhi anafundisha madrasa. Padri ni Mwanglikana. Bibi ni Mmakonde wa Newala aliyeolewa Masasi. Alichanjwa nembo akiwa msichana, akabatizwa baadaye. Binti ni mjukuu wake, na juu kidogo ya kifundo cha mkono ana jina la mama yake marehemu kwa wino. Ustadhi ni mtoto wa dada yake Bibi, upande wa Waislamu wa ukoo, kwa hiyo kwa Binti ni mjomba. Wa tano ni Mchoraji, kijana Mwislamu wa Mtwara mjini anayeishi kwa mashine ya tatuu.

USTADHI: Mimi sina la kuzunguka. Kwetu sisi Masunni wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi wa pwani hii, kuchora tatuu ni haramu. Bukhari na Muslim wote wameipokea hadithi ya Abdullah bin Umar kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimlaani mwanamke anayechora na anayetaka kuchorwa. Hadithi ya Ibn Masud ikaongeza wenye kunyonyoa nyusi na wenye kuchonga meno kwa urembo, wanaogeuza alichokiumba Mwenyezi Mungu. Masheikh wakaiunganisha na aya ya 119 ya Suratun-Nisaa, ambamo Shetani anaapa kuwaamrisha watu wabadili uumbaji wa Mungu. Laana hiyo imetoka kinywani mwa Mtume. Huwezi kuiita mawazo ya wazee.

MCHORAJI: Lakini Ustadhi, Qur'ani yenyewe haikutaja tatuu.

USTADHI: Swali hilo si jipya. Mwanamke wa Bani Asad, Umm Yaqub, msomaji wa Qur'ani, alimfuata Ibn Masud akamwambia hayo hayo: nimeisoma mwanzo hadi mwisho, sijaliona. Ibn Masud akamjibu kwamba angeisoma vyema angeliona, kwa kuwa Suratul-Hashr, aya ya 7, inaamuru kuchukua alicholeta Mtume na kuacha alichokataza. Mama yule hakuishia hapo. Akasema, huenda mkeo anafanya. Akaambiwa aingie ndani aangalie. Akaingia, hakuona kitu. Nalipenda sana tukio hilo. Hakuna aliyemkaripia kwa kuuliza.

MCHORAJI: Haya. Na Mashia? Ayatollah Sistani wa Najaf, anayefuatwa na Makhoja Ithnaashari wengi wa Dar es Salaam na Mombasa, anasema tatuu yenyewe si haramu. Nao ni Waislamu.

USTADHI: Ni Waislamu, na umemnukuu sawasawa. Wao wana njia yao ya kupima hadithi na ya kuwafuata wanavyuoni wao. Lakini wewe humfuati Sistani katika swala, katika saumu wala katika khumsi. Umemkumbuka kwenye sindano tu.

Hapa nasimama na Ustadhi. Kutofautiana kwa wanavyuoni ni rehema kwa anayetafuta haki, si kwa anayetafuta fatwa inayomfaa kwa siku moja. Kijana wa Kisunni aliyelelewa katika Ushafii, akitaka kuwa mkweli kwa nafsi yake, anajua madhehebu yake yamesema nini. Anaweza kutotii, wengi hatutii mengi. Asijidanganye tu kwamba hakuambiwa.

BINTI: Na hina je, Mjomba? Harusi zenu zote wanawake mmewapamba mpaka viwikoni.

USTADHI: Hina inakaa juu ya ngozi na inatoka yenyewe. Haitobolewi, damu haimwagiki. Hiyo ni halali kwa mwanamke bila shaka. Piko ndiyo ninayoihofia, ile nyeusi ya dawa ya nywele, maana inawaunguza watu.

BINTI: Sawa. Lakini mimi nasali kwa Padri, sifungwi na Bukhari. Ninachosomewa ni Walawi, sura ya 19, mstari wa 28. Nao unaniuma kuliko unavyowauma wenzangu, maana unataja kujichanja kwa ajili ya wafu pamoja na kuandika alama mwilini. Mimi nimeandika jina la mama kwa sababu amekufa. Ningekuwa nimechora ua, labda ningepumua.

PADRI: Umeusoma vizuri kuliko wanaokurushia. Sasa usome na mistari inayouzunguka. Wa 19 unakataza nguo ya nyuzi za aina mbili. Wa 27 unakataza kunyoa kandokando ya kichwa na kuharibu ncha za ndevu. Wazee wanaokunukulia wa 28 wamenyoa ndevu asubuhi ile ile, na mashati yao ni pamba iliyochanganywa na poliesta.

USTADHI: Padri, usipite haraka. Mstari wa 18 wa sura hiyo hiyo unaamuru mtu ampende jirani yake. Huo nao utauacha na ndevu?

PADRI: Swali la haki. Siuachi, kwa kuwa Yesu mwenyewe aliurudia na kuufanya nguzo. Na mitume walipokutana Yerusalemu, Matendo sura ya 15, kujadili watu wa Mataifa walioamini washike nini katika torati, walitaja mambo machache: vilivyotolewa kwa sanamu, damu, vilivyonyongwa, na uasherati. Alama za mwilini hawakuzitaja. Basi kwa Mkristo Walawi 19:28 ni andiko la kusikilizwa, la kuuliza lilikuwa linalinda nini.

BINTI: Lilikuwa linalinda nini?

PADRI: Lilikuwa linailinda ibada. Kumbukumbu la Torati 14:1 inakataza tena kujikatakata kwa ajili ya wafu, na manabii wa Baali, Wafalme wa Kwanza sura ya 18, walijikata mpaka damu ikachuruzika ili mungu wao awasikie. Mwili ulikuwa unatolewa kwa miungu na kwa mizimu. Hata marabi walibishana. Katika Mishna, Rabi Shimoni anasema mtu hana hatia mpaka aandike jina la mungu. Na Maimonides, karne ya 12, anaeleza kuwa ilikuwa desturi ya waabudu sanamu kujitia alama kuonyesha kwamba wameuzwa kwa sanamu yao. Hao ni Wayahudi, na kwao kuchora bado ni marufuku mpaka leo, lakini wameitafuta sababu. Sasa nikuulize, binti yangu: jina lile unaliomba? Unalitolea chochote?

BINTI: Hapana, Padri. Ninaliona nikifua, ninamshukuru Mungu kwa ajili yake. Basi.

PADRI: Basi hukufanya lile lililokatazwa pale.

USTADHI: Kwa hiyo umempa ruhusa.

PADRI: Sijampa. Angeniuliza kabla, ningemwambia asubiri. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba vitu vyote ni halali lakini si vyote vifaavyo, na kwamba mwili ni hekalu la Roho. Wengi wanaitumia aya ya hekalu kama nyundo, wakati Paulo pale alikuwa anazungumzia uzinzi. Mimi ningeitumia kumwuliza tu: hiki unachotaka kukiweka hekaluni kitakujenga ukiwa na miaka 50? Tena huzuni ya siku za msiba si ya kuandikia kitu kisichofutika. Ushauri huo ni wa mchungaji kwa kondoo wake. Sheria ya kukataza, sina.

MCHORAJI: Na wale wanaochora msalaba? Wateja wangu wengi ni hao.

PADRI: Hao wana historia ndefu kuliko ya kanisa letu hapa. Wakopti wa Misri huchora msalaba mdogo upande wa ndani wa kifundo cha mkono wa kulia, tangu utotoni, katika nchi ambamo wao ni wachache. Ethiopia na Eritrea wapo akina mama wenye msalaba katikati ya paji la uso. Yerusalemu, karibu na Lango la Yafa, ukoo wa Razzouk wenye asili ya Kikopti unawachora mahujaji hadi leo, ukiwa na mihuri ya mbao ya zamani, na wenyewe wanahesabu miaka 700 ya kazi hiyo. Mwana wa Malkia Victoria, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba, alichorwa msalaba wa Yerusalemu alipozuru huko mwaka 1862. Na mwaka 2018 Papa Francis aliwaambia vijana Roma wasiogope tatuu, akawataja Wakristo wa Eritrea. Akaongeza kwamba tatizo ni kupita kiasi.

USTADHI: Ada za watu si dalili, Padri. Wanawake wa Kiamazigh, Afrika Kaskazini, walichora videvu vyao kwa karne nyingi wakiwa Waislamu wanaofunga na kuswali. Haikuifanya halali.

PADRI: Kwako hapana, kwa sababu wewe una hadithi iliyo wazi. Mimi sina kauli ya Kristo inayokataza. Ninapoona Wakristo waliosoma Walawi tangu zamani wakiubeba msalaba kwenye ngozi bila kanisa lao kuwatenga, hiyo kwangu ni sehemu ya ushahidi. Hata Kaisari Konstantino, mnamo mwaka 316, alipokataza wahukumiwa kutiwa alama usoni, alisema uso umeumbwa kwa mfano wa uzuri wa mbinguni. Mikono na miguu hakuikataza.

BIBI: Sasa mmefika usoni kwangu.

PADRI: Samahani, Bibi.

BIBI: Usiombe samahani, mwanangu Padri. Nisikilize. Nilikuwa mwali. Fundi alikuja na kisu chake, akachanja, akasugua mkaa, pakapona, akachanja tena ili ikolee. Hatukuruhusiwa kulia. Ukitoka hapo wewe ni mtu mzima, na yeyote anayekutazama anajua kwenu ni wapi. Hata vinyago vya ngoma ya mapiko vilikuwa na nembo kama zangu, wakizitengeneza kwa nta ya nyuki. Kisha nikaolewa huku, nikabatizwa. Padri wa wakati ule hakuniuliza kitu. Maji yalipita juu ya nembo, nikapewa jina. Nimepokea Komunyo kwa uso huu tangu hapo. Sasa mjukuu wangu mwenye jina la mama yake, tena jina dogo, anaambiwa amejifungia mlango?

PADRI: Bibi, hapa Masasi tuna mfano mkubwa kuliko nembo. Mwaka 1913 padri mmoja wa UMCA, Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 akawa askofu wa kwanza wa Masasi, alianzisha jando la Kikristo. Wamisionari wengine wangepiga jando marufuku moja kwa moja. Yeye, pamoja na mapadri na walimu Waafrika, alichuja: haya yanapingana na Injili, yaondoke, haya ni malezi, yabaki, hapa tuweke sala. Unaweza kubishana naye katika alichokichuja. Lakini hakuanza kwa kumwambia kijana aliyetoka jandoni kwamba hana nafasi kanisani.

USTADHI: Nami nikuambie, Mama mdogo, hata ungekuwa upande wetu usingekuwa na deni. Aliyechanjwa akiwa mtoto, au bila hiari yake, hana dhambi ya hilo.

Nimekaa sana kwenye swali la kwanza kwa sababu watu wanastahili kujua kwamba lina hoja nyuma yake. Lakini linalonisumbua zaidi ni la pili. Mashambulizi mengi ninayoyasikia hayamlengi anayefikiria kuchora. Yanamlenga aliyekwisha chora, tena siku ile anapojaribu kurudi.

MCHORAJI: Mimi nina wino kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Mzee mmoja aliniambia nje ya msikiti kwamba udhu wangu haushiki, kwa hiyo swala zangu zote ni bure mpaka nijichune. Nikaona kama ni bure, ninaamkia nini alfajiri? Nikaacha kwenda.

USTADHI: Mzee yule amechanganya, na akakufanyia ubaya. Kinachozuia udhu ni kitu kinachokaa juu ya ngozi na kuyazuia maji, kama rangi ya kucha. Wino wa tatuu uko chini, katika ngozi ya ndani. Maji yanagusa ngozi yako kama yanavyogusa yangu.

MCHORAJI: Kwa hiyo hakuna tatizo.

USTADHI: Sikusema hivyo. Katika Ushafii ipo hoja nzito kuliko ya maji: damu iliyochanganyika na wino na kuganda pale. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na ambaye vitabu vyake vinasomeshwa pwani yote hii, anasema mahali hapo pamenajisika, na kama panaweza kusafishwa kwa matibabu, ni wajibu kusafisha. Lakini endelea kusoma, usikomee hapo kama yule mzee. Akasema kwamba kama mtu anachelea kupoteza kiungo au nguvu ya kiungo, au kubaki na kovu baya mahali panapoonekana, halazimiki kuondoa. Akitubu, hana dhambi iliyobaki. Haya yameandikwa zaidi ya miaka 700 iliyopita, na mtu anasimama mlangoni leo anasema kijana ajichune!

MCHORAJI: Wapo waliojifuta kwa tindikali. Wengine wamejichoma na chuma cha moto. Leza ni ya miji mikubwa, na si ya mfuko wangu.

USTADHI: Kujiunguza ili kufuta ni kuongeza kosa juu ya kosa. Ukipata uwezo wa leza isiyokudhuru, fanya. Usipopata, toba yako haingoji mashine. Na tusisahau la mwisho: Mwislamu mwenye tatuu akifa, ataoshwa, atakafiniwa, ataswaliwa na kuzikwa na Waislamu. Anayesema vinginevyo alete dalili.

Kuna mlango mwingine ambao Mchoraji na wenzake huukuta umefungwa, ule wa ajira za ulinzi: matangazo ya kuajiri askari hapa Tanzania huwa na sharti kwamba mwombaji asiwe na alama za kuchora mwilini. Serikali ina sababu zake. Ninachoomba tu ni kwamba sharti la ajira lisihubiriwe kama hukumu ya Mungu, maana nimesikia likitumika hivyo.

BINTI: Parokia niliyokuwa nasali kabla ya kurudi kwa Bibi iliniondoa kwenye zamu ya kusoma somo. Hakuna aliyeniambia. Orodha ilibandikwa, jina langu halikuwemo. Nilipouliza, nikaambiwa nitawakwaza walio wachanga kiimani.

PADRI: Hiyo ni Wakorintho wa Kwanza, sura ya 8, na imepinduliwa. Paulo anamwambia mwenye nguvu ajizuie kwa hiari yake, kwa upendo. Hakumpa mnyonge rungu la kumpigia mwenzake. Ila nami nikuombe jambo, binti yangu. Ukisoma kwetu Jumapili, ungevaa mikono mirefu, kwa amani tu ya wazee.

BIBI: Na mimi nivae nini usoni?

PADRI: Bibi...

BIBI: Ninauliza. Ninakaa benchi la mbele. Wachanga kiimani wananiona kila Jumapili na hawajakwazika. Au mnanisamehe kwa kuwa ni mzee na nitakufa karibuni?

PADRI: Hapana. Umenishika, Bibi. Asome kwa nguo anayoitaka, na atakayeuliza aje kwangu, nisimwache yeye ajibu.

USTADHI: Mimi ningemwambia afunike. Kufunika kosa ni adabu, si unafiki.

BINTI: Kwako ni kosa, Mjomba. Kwangu ni jina la dada yako.

USTADHI: Ni jina la dada yangu. Hilo nalijua kila ninapouona mkono wako, na ndiyo maana sijawahi kukusema mbele za watu. Lakini ukiniuliza, sitakudanganya.

Napenda jibu hilo la Ustadhi, ingawa katika suala la kufunika nakubaliana na Bibi. Mtu anaweza kushika hukumu yake bila kulegeza hata herufi moja na bado asimtupe aliye mbele yake. Si ugumu wa sheria unaowavunja vijana. Wanavunjwa na mtu anayeijua nusu ya sheria, nusu ya kukataza, na hana habari na nusu ya toba.

MCHORAJI: Na kazi yangu?

USTADHI: Hapo sina nafuu ya kukupa. Hadithi imemtaja mchoraji kabla ya anayechorwa.

MCHORAJI: Hata wanaokuja wakiwa Wakristo?

USTADHI: Dini ya mteja haibadilishi kazi ya mkono wako.

MCHORAJI: Mimi nikiacha, watakwenda kwa wanaotumia sindano moja kwa watu kumi, wapate homa ya ini au VVU. Mimi sindano ninaitupa mbele ya mteja.

USTADHI: Kuitupa ni jambo jema, na utalipwa kwa hilo. Kuchora hakuwi halali kwa sababu hiyo.

MCHORAJI: Mashine sijamaliza kuilipia.

BIBI: Mwanangu Ustadhi, ukimwambia mtu atoe mkono kwenye sahani, mwonyeshe sahani nyingine.

USTADHI: Madrasa tunaipaka rangi mwezi ujao, Mama mdogo, na tunataka maandishi ukutani, alfabeti kwa watoto na dua za kuingia na kutoka. Mwandiko wake ni mzuri, hilo siwezi kulikana. Aje tuzungumze bei.

MCHORAJI: Mtanilipa kama fundi, au itakuwa sadaka?

USTADHI: Kama fundi. Deni la mashine nalo tutakaa tulitazame, tuone nani atainunua kwa ajili ya vipuri. Ila msikitini njoo Ijumaa hii, usingoje mpaka iuzwe.